Bariis na ndizi Eastleigh: mlete na rafiki yako

Baba ni Mkamba wa Machakos, mama Msomali wa Garissa. Kwetu muthokoi (mahindi yaliyokobolewa na maharagwe) na bariis (wali wa Kisomali) hukaa meza moja. Ndiyo maana niliwaleta wenzangu wa kazini kwenye mkahawa huu wa Kisomali wa ghorofani, Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi. Tangu Usalama Watch, msako wa polisi wa kupambana na ugaidi uliowakumba Wasomali wengi hapa mwaka 2014, wengi huutaja mtaa huu kwa hofu tu, na hilo huniuma.

Agiza mbuzi na wali. Sahani huja na ndizi mbivu nzima: unamenya, unamega kipande, unakila pamoja na wali na bisbaas (pilipili ya Kisomali), kwa mkono. Mwenzangu Mluo aliitenga ndizi pembeni akidhani ni ya baadaye. Mhudumu akamwambia, "Kaka, jaribu nayo pamoja," akamwonyesha. Alimaliza, akaomba nyingine. Shaah, yaani chai ya Kisomali, ina iliki ya kutosha. Nyama ya ngamia ilikuwa ngumu kidogo, na Ijumaa baada ya swala utasubiri sana.

Sisi wa damu mbili huambiwa kila mara tuchague upande. Hapa mhudumu alinisalimia Kisomali, nikajibu kwa Kiswahili, tukaendelea hivyo. Kama una rafiki anayeogopa kupita mtaa jirani wa Pangani kuja huku, mlete. Wanapokea M-Pesa.