"Mama, Mbeya kuna bahari?" Uzoefu wangu na ujumbe wa hali ya hewa wa kulipia

Kampuni siitaji. Sina hela ya wakili kwa ajili ya viazi. Ila kama uliwahi kuandikishwa sokoni Uyole, hapa Mbeya, na wakala mwenye maneno matamu, ukakatwa salio kila mwezi ili utumiwe utabiri kwenye simu, huenda tunazungumzia watu walewale.

Mimi nanunua viazi mviringo Umalila, kule milimani, napakia Uyole, napeleka Dar na kusini. Nilijiunga kwa ajili ya njia za kule juu, maana mvua ikipiga usiku Fuso halipandi, na kibarua uliyemwita anataka hela yake hata kama hajabeba gunia. Kwa hilo, haki yao niwape, walinifaa. Wakisema mvua alasiri, alasiri unaiona inateremka kutoka mlima Loleza. Niliwasifia mpaka mdogo wangu wa Tukuyu naye akajiunga, ingawa kulipa hela uambiwe Tukuyu itanyesha mvua ni kama kulipa uambiwe kesho kutakucha.

Sasa sikilizeni.

Mwaka ule wa kimbunga Hidaya, 2024, mwanzoni mwa mwezi wa tano, nilipakia gunia 70: 30 za kushusha Mbagala, 40 za mteja wangu wa Lindi. Gari likaondoka jioni. Halijafika mbali, jirani yangu wa mitumba akaniambia redio imetangaza kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa inafuatilia kimbunga baharini, watu wa pwani wachukue tahadhari. Nikafungua simu. Ujumbe wa siku hiyo: "Mbeya, mawingu kiasi na vipindi vya jua."

Nikapiga namba yao. Muziki, muziki, muziki. Akapokea kijana.

"Mwanangu, nasikia kuna kimbunga. Gari langu linaelekea Lindi. Nibadilishieni nipate taarifa za pwani."

"Mama, namba yako imesajiliwa Mbeya."

"Najua, niko Mbeya. Viazi ndivyo viko njiani."

Akacheka. Kile kicheko cha puani, cha mtu anayedhani simu haikipeleki. "Sasa mama, Mbeya kuna bahari? Lala tu, kimbunga hakipandi mlima Kitonga."

Na mimi, mtu mzima, nikalala.

Kijana, kama unasoma hapa: kweli kimbunga hakipandi Kitonga. Viazi ndivyo vinavyoshuka. Na hata hilo la bahari hukulijua. Kimbunga kikikaa kule Mkondo wa Msumbiji, mbali kabisa na sisi, kinaweza kuvuta upepo wenye unyevu kutoka misitu ya Kongo, mvua ikamwagika Mbeya, Songwe, Njombe. Kikikaa vingine kinatunyang'anya unyevu tukabaki na jua. Mamlaka wanalisema hilo redioni karibu kila msimu. Na Malawi hapo ng'ambo ya mto Songwe, ina bahari gani? Freddy ya Machi 2023 iliwafuata Blantyre milimani, udongo ukaporomoka juu ya nyumba, wakafa mamia. Ningemwambia yote haya usiku ule. Yalinijia kesho yake, kama kawaida.

Hidaya (jina lenyewe maana yake zawadi, zawadi gani hii jamani) kilifika Mafia Jumamosi tarehe 4. Nguvu zikakipungua, tukatangaziwa kimekwisha. Nikasema basi, labda kijana alikuwa sahihi, mdomo tu ndio mbaya.

Jumapili dereva akapiga. "Bosi, hakuna barabara."

Kimbunga kilikwisha, maji yake hayakuisha. Pale Somanga barabara ilikatwa na mafuriko, Lindi na Mtwara zikawa upande wake na Dar upande wake. Malori yamepanga foleni, yangu katikati. Siku kadhaa. Viazi vya Umalila vimezoea baridi, wewe vifungie chini ya turubai lililolowa, joto la pwani, uone. Gunia moja likianza kutoa maji linaambukiza jirani zake. Tandiboi akawa anachambua vizima na kuwauzia madereva wenzake kwa ndoo. Zilizofika Lindi sitaki kuzihesabu.

Kinachoniuma ni kwamba nilipompigia yule kijana, gari lilikuwa halijafika Makambako! Ningeambiwa neno moja tu la kweli, ningemwamuru dereva akate kulia: Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, anaingia Lindi kwa nyuma. Zile 30 za Mbagala ningezitafutia usafiri mwingine.

Jumatatu ujumbe wao ukaingia kama kawaida: "Mbeya, jua." Nilitaka kuirusha simu.

Kwa hiyo nyota sifuri. Au niseme moja, ya ile mvua ya Umalila. Lakini nikiwa mkweli, redio iliniambia. Angalizo na tahadhari za Mamlaka ni za bure, zinataja mikoa kwa majina, hata urefu wa mawimbi. Nilikidharau cha bure nikamwamini anayenikata salio. Hapo kosa langu, nalikubali. Kile kicheko sikikubali.

Na bado sijajitoa. Msinicheke. Siku hizi wameweka utaratibu wa kuongeza mkoa wa pili kwa kulipia zaidi, nikapiga kuomba Lindi. Muziki, muziki. Sauti ikawa ileile, naapa, ya puani ileile. Sikumwambia mimi ni nani.

"Mama, Lindi una ndugu?"

Nikamwambia, nina viazi.