Steshenari ya Ngamiani inayosoma fomu kabla ya kuijaza

Mama yangu mdogo alizaliwa Juni 1959, akafanya kazi ya uuguzi Uingereza kwa miaka 14, kisha akarudi kwetu Tanga. Mwaka 2025, alipokaribia miaka 66, tulianza kutafuta mtu wa kumsaidia kudai pensheni ya serikali ya huko. Duka la kwanza, ambalo sitalitaja, lilitutoza kwa kutoa fomu na likatutoza tena kwa kuijaza, kisha kijana wa pale akatuambia kwamba tumechelewa miaka sita kwa kuwa wanawake wa Uingereza hustaafu wakiwa na miaka 60. Mama alitoka pale akiwa amekwisha zisamehe fedha zake.

Steshenari ninayoisifu hapa ni chumba kimoja cha Ngamiani chenye feni isiyozimwa na kompyuta mbili. Binti wa pale alimwamkia mama, akamsogezea kiti, akaisoma fomu yote, kisha akafungua tovuti ya serikali ya Uingereza na kuingiza tarehe yake ya kuzaliwa. Alichukua karatasi iliyoharibiwa na mashine ya kuchapia, akaigeuza upande mweupe, akaandika kwa tarakimu kubwa: 60, 65, 66. "Mama, hujachelewa," alisema. "Ni wao waliosogeza tarehe."

Karatasi hiyo ninayo, na baadaye nilisoma zaidi. Tangu mwaka 1940 mwanamke wa Uingereza alipata pensheni akiwa na miaka 60 na mwanamume akiwa na 65. Desemba 1991 serikali ilitoa waraka wa kukusanya maoni kuhusu kusawazisha umri huo, na miongoni mwa mapendekezo yaliyojadiliwa yalikuwa 60, 63 na 65. Mwaka 1993 ilitangazwa kuwa ni 65, sheria ikapitishwa mwaka 1995, na umri wa wanawake ukaanza kupanda mwaka 2010. Kisha sheria ya 2011 iliharakisha mambo: wanawake wakafikia 65 Novemba 2018, na Oktoba 2020 wote, wake kwa waume, wakawa 66. Kwa hiyo mama, ambaye alipoanza kazi alihesabu kulipwa mwaka 2019, alisogezwa hadi 2024, kisha hadi 2025.

Waraka wa maoni ulipotoka mama alikuwa zamu za usiku wodini, na anasema hakuna aliyemuuliza lolote; kama barua zilitumwa baadaye, zilikwenda kwenye anwani aliyokwisha kuihama. Mimi sina ugomvi na usawa wenyewe, maana hapa kwetu mwanamume na mwanamke hustaafu kwa hiari wakiwa na 55 na kwa lazima wakiwa na 60, bila kubaguana. Ninachokilalamikia ni taarifa, na Machi 2024 mchunguzi wa malalamiko wa Bunge la Uingereza naye aliona kwamba wanawake waliozaliwa miaka ya 1950 hawakuarifiwa ipasavyo.

Nirudi kwenye huduma. Kabla ya kupokea hata shilingi, binti alimweleza mama kwamba miaka 10 ya michango ndiyo ya chini kabisa na 35 ndiyo ya pensheni kamili, kwa hiyo yeye atarajie takriban sehemu ya 14 kwa 35. Alimwambia pia jambo chungu zaidi, kwamba kwa kuwa anaishi Tanzania kiwango atakachoanza nacho hakitapanda mwaka hadi mwaka kama kinavyopanda kwa mstaafu aliyebaki kule. Mama alinyamaza, akavua miwani yake iliyofungwa uzi, akaifuta kwa ncha ya khanga, akasema, "Haya mwanangu, jaza."

Tulilipa shilingi elfu tano kwa kila kitu, kopi zikiwemo. Kasoro ninayoiona ni mashine ya kuchapia, ambayo wino wake umefifia kiasi kwamba nakala aliyobaki nayo mama haisomeki vizuri penye tarehe, na ilibidi binti aipitie tarehe hiyo kwa kalamu ya bluu.