Kivuli cha ubavuni mwa gari Msimbati: cha upepo au cha nguzo?

Ukienda Msimbati, huko Mtwara, na familia, mkaegesha gari ufukweni siku mbili tatu, kivuli cha ubavuni, yaani turubai la kuunga kwenye gari, ndicho sebule yenu. Mimi nachagua cha kujazwa upepo, kinachosimamishwa na mabomba ya plastiki yaliyojazwa hewa badala ya nguzo, hasa miezi ya kusi. Upepo ukikaza, mabomba yake hupinda kisha hurudi. Nguzo ya chuma ikipinda imepinda, tena chumvi ya bahari huianzishia kutu kwenye maungio.

Ila jua la mchana la huku! Hewa hutanuka ndani ya mabomba, kwa hiyo usiyajaze asubuhi mpaka yakakakamaa, na kabla ya adhuhuri yapunguze kidogo. Yakitobolewa na mwiba, kiraka cha baiskeli hakishiki vizuri kwenye plastiki. Beba gundi yake maalumu. Nguzo, fundi wa kuchomelea pale Mtwara mjini atakunyooshea.

Kwa bei, cha nguzo ni nafuu.

Vigingi vifupi havishiki mchangani, uwe na kipi kati ya hivyo viwili. Jaza viroba mchanga, uvifukie, kamba uzifunge hapo.