Tahadhari: Muuza visu vyeusi vya kuchinjia, Mombasa

Ndugu zangu, hasa mnaojitayarisha kwa Idi ya kuchinja, kuna mtu anazungusha picha za visu vyeusi vya ala akidai ni feleji ya springi ya lori, iliyochomwa ikazimwa kwa mafuta ili iwe ngumu. Msimtumie pesa. Mimi nilimtumia shilingi 2,800 kwa M-Pesa, bodaboda akaniletea kisu Mwembe Tayari.

Kwa macho kilipendeza, kizito, mpini umekamata. Siku ya akika ya mpwa wangu kikagoma katikati ya shingo ya mbuzi, nami nilikuwa nimekinoa asubuhi ile ile. Tumeamrishwa na Mtume (SAW) tunoe kisu na tumstareheshe mnyama. Sijasahau vile yule mbuzi alivyohangaika. Tulipochuna tukakuta vigamba vya rangi nyeusi vimegandia nyama.

Nikaamua kuitoa rangi yote. Nilivaa glavu, nikakaa uani penye upepo, nikapaka rimuva, dawa ya kutolea rangi ya mafundi wa kupiga rangi magari, nikangoja kama dakika 20. Rangi ikavimba, ikajikunja kama utando wa maziwa. Nilipokwangua sikukuta chuma, nilikuta fila, ile ya kuzibia mabonde kwenye bodi za magari! Nikaisugua kwa brashi ya waya, yakatokea mashimo ya kutu ya zamani, na vidole viwili kutoka mpini, mshono wa kuchomelea umekatiza bapa zima. Vipande viwili vimeungwa vikafunikwa. Kingekatika nikiwa nimekishika, sijui mkono wangu ungekuwaje leo.

Nikachukua tupa. Kwenye makali ya feleji iliyochomwa vizuri tupa huteleza, au huuma kwa shida. Hapa ilizama mara moja, ikatoa unga. Ni chuma laini cha grili ya dirisha.

Sisemi kila kisu cheusi ni cha wizi. Feleji yenye kaboni nyingi, mfano aina iitwayo 1095 ambayo ina kaboni kama asilimia 0.95, hushika kutu upesi, na kwa hewa yetu ya chumvi usiku mmoja watosha. Ndiyo maana watengenezaji waaminifu huipaka rangi. Kwa hiyo kutu peke yake si ushahidi. Wala sumaku si kipimo: huyu bwana alinitumia video ya sumaku ikinata kwenye bapa, nami nikaridhika, kumbe chuma laini nacho hunata vile vile.

Kabla ya kulipa, mwambie akwangue rangi kidogo karibu na mpini, upitishe tupa ukiona. Akikataa, ondoka. Na uliyekwisha nunua, usiichome rangi kwa makaa. Moshi wake ni mbaya, na kama kwa bahati umepata feleji ya kweli, joto likipita nyuzi 200 hivi ugumu wake unaanza kupotea.

Nilimpigia, akasema nimekiharibu mwenyewe kwa kutoa rangi. Kisha akanifungia. Sasa ana nambari nyingine lakini picha ni ile ile: kisu juu ya gunia, kando yake ala ya ngozi nyekundu iliyoshonwa kwa uzi mweupe. Ukiiona, ndiye huyo.