Wukong wa Warframe: deraya iliyobeba ngano yake

Warframe ni gemu ya bure kutoka kwa Digital Extremes ya Kanada, ilitoka 2013, na ina deraya za kivita nyingi za kuchagua. Nimevaa kadhaa, lakini Wukong ndiye nisiyemvua, kwa sababu waliomuunda waliishika ngano yenyewe wala hawakuchukua jina tu.

Katika masimulizi ya Wachina, Sun Wukong ni Mfalme wa Nyani aliyezaliwa kutoka jiweni. Ana fimbo ya chuma inayorefuka na kufupika apendavyo, hung'oa manyoya yake yakawa nyani wengine kama yeye, hupanda wingu, na alishuka kuzimu akalifuta jina lake katika daftari la wafu. Sisi tuliolelewa Mombasa kwa paukwa pakawa tunamjua mtu wa namna hii. Ni Sungura wetu, yule anayewashinda Simba na Fisi kwa akili.

Mengi ya hayo yamo ndani ya deraya. Unamwita pacha anayepigana kando yako, na silaha yake huwa ya aina nyingine: ukishika bunduki, yeye anaingia kwa fimbo. Ukizidiwa unageuka wingu, maadui hawakuoni, na wewe na pacha mnapata nafuu mkiwa hewani. Misheni za upelelezi, zile za kupenya vyumba vilivyojaa walinzi, ndipo wingu hili linapong'aa.

Lakini kilichonikamata ni lile daftari la wafu. Usiku mmoja nilikuwa nacheza Kisauni na binamu yangu, tumezingirwa kwenye kona, damu yangu ikaisha. "Ushakufa wewe!" akaniambia. Hapo hapo Wukong akanusurika, nusu ya afya ikarudi, na kwa sekunde mbili hakuna risasi iliyomgusa. Wukong huponyoka mauti hivyo hadi mara tatu katika kila misheni, tena kila mara kwa mbinu tofauti. Binamu akaweka padi chini akataka nimweleze huyu nyani ni nani, nikamsimulia ngano nzima huku maadui wakituzonga.

Kumpata kuna kazi. Ramani ya kumtengeneza hutafitiwa kwenye maabara ya ukoo, yaani kikundi cha wachezaji, kwa hiyo mgeni anayecheza peke yake atahangaika au atoe pesa halisi. Tafuta ukoo uliokwisha kumtafiti, uinunue ramani kwa kredi za ndani ya gemu, kisha uanze kusaka vifaa.

Naona pia pacha anasaidia kupita kiasi. Kwenye misheni nyepesi unaweza kusimama tu yeye akamaliza kazi, na ujanja wote ukapotea. Ndiyo maana mimi humpeleka kwenye misheni ngumu, ambako bila kumwelekeza adui wa kumshambulia hamfiki popote. Anayependa kuvamia kifua mbele achukue deraya nyingine, Rhino. Wukong ni wa anayefurahia kumzunguka adui.