Laini ya eSIM kwa Mfanyabiashara Aendaye Guangzhou: Tathmini Baada ya Siku 12

Mfanyabiashara anayetoka Kariakoo kwenda Guangzhou kufuata mzigo anaihitaji intaneti akiwa dukani, mbele ya muuzaji aliyekwisha kuandika bei kwenye kikokotoo na anayesubiri jibu. Picha ya bidhaa lazima imfikie mwenzake aliye nyumbani, naye aitazame na kuamua kabla muuzaji hajamgeukia mteja mwingine. Kwa kipimo hicho ndivyo ninavyoitathmini laini ya eSIM, yaani laini isiyo na kadi ambayo husajiliwa ndani ya simu yenyewe, niliyoitumia kwa siku 12 katika safari yangu ya mwisho, laini ya data tupu inayouzwa kwa wasafiri na inayopitia mtandao wa Hong Kong. Kampuni zinazouza laini za namna hii ni nyingi na utaratibu wake unafanana, kwa hiyo nitakayoyasema yanahusu aina ya huduma na si jina la muuzaji.

Safari iliyotangulia nilinunua laini ya China. Kuisajili kunahitaji pasipoti na kupigwa picha ya uso, utaratibu uliopo tangu Desemba 2019, na baada ya hapo nilipata intaneti ya kasi kwa bei nafuu pamoja na namba ya simu ya huko. Tatizo ni kwamba laini hiyo iko chini ya uchujaji wa mtandao wa China, ambako WhatsApp na huduma za Google zimefungwa. Nilidhani ningepakua VPN, programu ya kuvuka vizuizi vya mtandao, nikifika, bila kukumbuka kwamba duka la programu la simu yangu nalo ni la Google. Ujumbe wangu ulibaki na alama ya saa siku nzima, picha za mabegi zikanisubiri hadi usiku, na mwishowe niliagiza mabegi 150 kwa kukisia. Yalipofika Dar es Salaam, wateja walitaka yenye mkanda mrefu, nami nilikuwa nimechukua yenye mkanda mfupi. Yalikaa stoo miezi mitano.

Kwa nini eSIM ya msafiri hupita mahali ambapo laini ya China hukwama? Wauzaji wengi huliacha swali hili bila jibu, na ndilo msingi wa jambo lote. Laini ya kigeni inapokuwa ugenini hushika mnara wa kampuni ya mahali hapo kama kawaida, lakini data yake haiingii kwenye intaneti pale pale. Husafirishwa kwanza hadi kwenye mitambo ya kampuni inayoihudumia laini hiyo, na ni kutoka huko inakotokea kwenda duniani. Kwa kuwa yangu ilipitia Hong Kong, kila nilichokituma nikiwa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, kilitokea Hong Kong, ambako WhatsApp, Gmail na YouTube hufanya kazi bila kizuizi. Hakuna ujanja wowote hapo, wala VPN haikuhitajika. Laini ya nyumbani iliyofunguliwa romingi kwa kawaida hufuata njia hiyo hiyo na data yake hurudi hadi nyumbani, ila kifurushi nilichotajiwa kabla ya kuondoka kilikuwa na bei ya karibu mara nne kwa data pungufu.

Nililipa dola 17 kwa GB 10 za siku 15. Niliiweka laini nikiwa bado nyumbani, kwa kupiga picha msimbo wa QR uliotumwa kwenye barua pepe, na kazi hiyo ilichukua dakika chache. Ukitumia kamera, msimbo huo ni lazima uonekane kwenye kioo cha simu nyingine au uwe umechapishwa, kwa sababu simu haiwezi kuelekeza kamera yake kwenye kioo chake yenyewe. Mara nyingi pia haukubali kutumika mara ya pili, hivyo anayeifuta laini kwa bahati mbaya akiwa safarini hulazimika kununua nyingine.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha simu yako inaikubali eSIM. Bonyeza *#06# na utazame kama kuna namba inayoitwa EID, isipokuwapo, usinunue. Nalisisitiza hili kwa sababu simu nyingi za bei ya kati zinazouzwa kwetu hazina uwezo huo, na hata iPhone nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China bara zina nafasi mbili za laini za kawaida bila eSIM, ingawa kwa umbo hazitofautiani na nyingine. Ndugu yangu mmoja alilipia laini ya wiki mbili na kugundua hilo akiwa Addis Ababa, akisubiri ndege ya pili.

Huduma yenyewe ilinipendeza mahali nilipoihitaji hasa. Siku ya tatu nilikuwa katika masoko ya mabegi ya Sanyuanli, saa nane mchana, ambayo kwa Dar es Salaam ni saa tatu asubuhi, wakati mdogo wangu anafungua duka. Nilimtumia picha tatu za begi moja: mbele, ndani na zipu kwa karibu. Kabla muuzaji hajamaliza kumimina chai, sauti ya mdogo wangu ilikuwa imeingia: "Dada, hiyo zipu ya plastiki achana nayo, wateja waliirudisha mwaka jana. Muulize kama anayo ya chuma." Aliyekuwa nayo alikuwa muuzaji wa duka la jirani, na tofauti ya bei ilikuwa yuan 3 kwa begi. Nilinunua mabegi 200, na yote yameshauzwa. Tofauti ya saa 5 inataka upangilie siku vizuri, kwa kuwa asubuhi ya Guangzhou nyumbani bado wamelala; mimi nilizunguka na kupiga picha asubuhi, kisha nikafanya maamuzi mchana.

Wengi hulalamika kwamba eSIM yao imekufa ghafla, na mara nyingi chanzo ni Wi-Fi ya hoteli. Simu hujiunga nayo yenyewe, na kwa kuwa Wi-Fi hiyo iko chini ya uchujaji, WhatsApp husimama papo hapo. Izime. Jambo la pili ni mpangilio wa laini mbili: romingi ya data iwashwe kwa eSIM, maana bila hiyo haifanyi kazi kabisa, na izimwe kwa laini ya nyumbani, ambayo iachwe hewani ili ipokee ujumbe wa uthibitisho kutoka benki.

Kasoro zipo, na mbili kati yake ni kubwa. Kwanza, laini hii haina namba ya simu. WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, niliyokuwa nimeifungua nyumbani ilifanya kazi vizuri, lakini ghala la kusafirisha mizigo lilitaka namba ya China ya kuandika kwenye maboksi, na ilinibidi niombe namba ya hoteli, jambo ambalo si salama kwa mzigo wa mtu. Pili, kampuni niliyonunua kwake huuza pia kifurushi inachokiita "bila kikomo". Nilikijaribu kwa siku 2 za mwisho, nikakuta kwamba baada ya GB 1 kwa siku kasi hushuka kiasi kwamba picha moja huchukua dakika nzima. Niliandika kuuliza, nikajibiwa baada ya saa 9. Maelezo ya kupunguzwa kwa kasi yalikuwapo, ila kwa maandishi madogo chini ya ukurasa, na naona ni makosa kumuuzia msafiri neno ambalo halina ukweli wake.

Ramani za Google nazo, ingawa zinafunguka, huko huonyesha mahali kwa kukosea, tumia Amap, programu ya ramani ya China.

Kwa siku 12 nilitumia GB 7.4, simu za video zikiwamo. Safari ijayo, wakati wa Maonyesho ya Canton, maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ya mwezi wa kumi, nitanunua tena kifurushi cha kawaida chenye kiasi kinachojulikana, nikiongeza hadi GB 20, na kwenye simu ya pili ya zamani nitaweka laini ya China kwa ajili ya namba ya ghala peke yake.