Fulana ya "haina lebo" na lebo zake tatu ubavuni

Nimejizuia kuandika haya tangu joto lianze, nikisema labda hasira zitapoa. Hazijapoa. Fulana niliyouziwa kwa sifa tatu, laini, nyepesi na haina lebo, imekuja na lebo. Haikuwekwa shingoni, maana huko wanajua ndiko tunakoangalia kwanza. Imewekwa ubavuni, upande wa kushoto, juu kidogo ya upindo, pale pale mkono unapopita kila ukitembea. Tena si lebo moja. Ni tatu zilizobanwa kwenye mshono mmoja: ya saizi, ya aina ya kitambaa, na ya maelekezo ya kufua iliyoandikwa kwa lugha chungu nzima, ngumu, imekatwa kingo kwa moto hadi zikawa na makali.

Kwa asiyejua, mimi nina usonji (autism), na sehemu kubwa ya usonji wangu iko kwenye ngozi. Watu wengi wakishavaa nguo, baada ya dakika chache mwili unaisahau. Wangu hausahau. Kila mshono, kila uzi uliojitokeza, kila sehemu iliyobana kidogo, ninavisikia asubuhi na ninavisikia jioni, kwa nguvu ile ile. Wakati wa baridi naweza kuvaa kitu laini ndani halafu nikavaa kingine juu. Wakati wa joto huna pa kukimbilia. Nguo ni moja, inagusa ngozi moja kwa moja, na ngozi yenyewe imelowa. Ngozi yenye unyevu husuguana na kitambaa kuliko ngozi kavu, kwa hiyo kitu kilichokuwa kinatekenya tu saa mbili asubuhi, kufikia adhuhuri kinakwaruza. Jasho likikauka linaacha chumvi. Hapo ongeza harara. Sasa weka lebo tatu za poliesta juu ya yote hayo, halafu mtu akwambie ni jambo dogo.

Ndiyo, nilizikata. Kila mtu anauliza hilo kwanza, na mwenye ngozi kama yangu anajua kwamba kukata ni mwanzo wa tatizo jipya. Lebo ya shingoni mara nyingi imeshonwa peke yake, unaifumua taratibu inatoka yote. Hizi za ubavuni zilishonwa ndani ya ovaloki, ule mshono wa kuzungushia kingo za kitambaa, pamoja na vipande viwili vya fulana. Ukizikata kwa mkasi kinabaki kisiki, kifupi na kigumu kuliko lebo yenyewe. Ukitaka kukitoa kisiki, lazima ufumue mshono, na mshono ukifumuka una tundu ubavuni.

Na uzi! Ni ule uzi wa nailoni usio na rangi, unaofanana na mshipi wa kuvulia samaki. Kwa macho huuoni. Niligeuza fulana, nikaisogeza chini ya taa, sikuona kitu. Nikapitisha ncha ya kidole na hapo hapo ukanichoma. Nilipata ncha moja, nikaivuta kwa kibano, ikakatika na kuacha nyingine mbili fupi zaidi. Uzi wa pamba ukikatwa unalala. Huu unasimama wima, na kadiri unavyokuwa mfupi ndivyo unavyochoma. Nilimaliza kazi ile nikiwa na alama nyekundu ubavuni na fulana mpya yenye tundu.

Nikawaandikia wauzaji, akanijibu mtu wao wa huduma kwa wateja. Nilikuwa mpole kabisa, wala sikutaka kurudishiwa pesa, nilitaka tu wabadilishe tangazo. Majibu yakaja haraka: "Habari dada, pole kwa usumbufu. Lebo si unakata tu na mkasi?" Nikaeleza habari ya kisiki na uzi. "Dada yangu, wateja wote wanaipenda. Wewe labda hujaizoea, vaa vaa, utazoea." Nikamwambia tangazo lenu linasema haina lebo. Akajibu, na maneno haya bado ninayo kwenye simu: "Haina lebo shingoni. Shingoni ndiko watu wanakolalamikia." Halafu akaongeza kikaragosi cha kucheka.

Yaani mnajua. Mnajua kabisa kwamba lebo inaumiza watu, ndiyo maana mkaitoa shingoni na mkaitangaza hiyo kama sifa ya kuuzia. Halafu mkaihamishia mahali ambapo mnunuzi haioni kwenye picha.

Kuhusu "utazoea", naomba nilijibu hapa, maana kule sikujibu. Hisia kali za mguso hazitokani na kudekezwa. Mwongozo wa DSM-5, ule wanaoutumia madaktari kutambua hali kama usonji, uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, unataja waziwazi kuhisi kupita kiasi, au kutohisi vya kutosha, sauti, mwanga na mguso kuwa miongoni mwa dalili za usonji. Na si wenye usonji peke yao wanaoteseka hivi. Mtoto anayelia kila akivalishwa soksi hafanyi kiburi. Nimevaa nguo tangu nizaliwe. Kama ngozi yangu ingekuwa ya kuzoea, ingekwishazoea zamani.

Kilichonimaliza nguvu kabisa ni ushauri wake wa mwisho. "Basi jaribu zetu za mianzi, ni za asili kabisa, hazina kemikali." Hapana. Nguo laini inayoitwa ya mianzi kwa kawaida ni rayoni. Mwanzi unasagwa, unayeyushwa kwa kemikali kali, kisha ule uji unasukumwa kwenye matundu madogo unatoka ukiwa nyuzi mpya. Mwaka 2010 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia barua za onyo wauzaji 78 kwa kuiita rayoni mianzi, na mwaka 2022 maduka makubwa mawili ya huko yakatozwa jumla ya dola milioni 5.5 kwa madai ya namna hiyo hiyo. Sisemi rayoni ni mbaya. Ni laini kweli, ina ubaridi mzuri ukiigusa mara ya kwanza, na wapo wenzangu hawavai kitu kingine. Mimi ikilowa jasho inanigandia mgongoni na kunivuta kila nikiinama, na hapo sina tena uwezo wa kusikiliza mtu anaongea nini. Ila usiniambie haina kemikali.

Sasa niseme ukweli kuhusu kitambaa cha fulana yenyewe, ingawa sitaki. Ni kizuri. Ni pamba tupu, imefumwa nyepesi bila kuwa ya kuangaza, na tangu siku ya kwanza haikuwa na ile harufu kali ya nguo mpya iliyotiwa dawa ya kuzuia mikunjo. Nimeifua mara nyingi na haijatoa vile vidonge vidogo vya nyuzi ambavyo kwangu ni kama mchanga. Pamba hunyonya unyevu hata kabla hujaanza kulowa: katika hewa ya kawaida hubeba maji karibu asilimia 8.5 ya uzito wake, kitani karibu 12, poliesta haifiki hata nusu asilimia. Ndiyo sababu poliesta ya kawaida inakuacha ukiogelea ndani ya nguo. Shida ya pamba inakuja ikishalowa kabisa, inakuwa nzito na haikauki upesi, kwa hiyo siku ya jua kali nabeba ya kubadilisha. Na tafadhali usiifue kwa ile dawa ya kulainisha nguo. Inaacha utando kwenye nyuzi, kitambaa kinashindwa kunyonya, na harufu yake inabaki puani siku nzima.

Ushonaji wa mabegani pia waliupatia. Mishono ni bapa, imelala, vidole vikipita havikwami. Mikono inaishia chini ya pale makwapa yanapokunja, na mwili wake ni mpana. Upana ndio kitu ninachokipigania kuliko rangi. Watu wananiambia kila siku vaa nyeupe, vaa nyeupe. Kuna utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1980, walilinganisha majoho mapana yanayovaliwa jangwani, meusi na meupe, wakakuta joto linalofika mwilini halina tofauti, kwa sababu hewa inapita kati ya nguo na ngozi na kuondoka na lile joto la ziada. Nguo nyeupe inayobana inanitesa. Nyeusi inayopepea naweza kushinda nayo. Najua wengine ni kinyume, wanataka kitu kiwabane ndipo watulie, na hao sijui niwashauri nini wakati wa joto zaidi ya kubana mahali pamoja tu, labda kiunoni, na kwingine kuachie.

Kwa hiyo mtu aliyekaa akafikiria mabega, akafikiria shingo, akachagua pamba ile, alikuwa anatujua. Halafu mwingine akaja mwishoni akabandika lebo. Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu hakuna aliyewalazimisha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1007 ya mwaka 2011 inataka maelezo ya kitambaa yadumu, yasomeke na yafikike kwa urahisi, na inaruhusu kuyachapa kwenye nguo yenyewe. Shingoni wamechapa saizi vizuri tu, wino mwembamba ambao hata mimi siuhisi. Mashine wanayo, wino wanao.

Nilianza kuandika nikiwa nimeamua nyota moja. Kisha nikakumbuka kwamba hata sasa nimeivaa. Nimeivaa nje-ndani, mshono wenye tundu ukiwa nje, na ikivaliwa hivyo ndiyo nguo pekee ya joto ninayoweza kukaa nayo hadi usiku bila kuivua. Nikapandisha hadi tatu. Halafu nikafungua tena zile meseji, nikaona kile kikaragosi, nikarudisha mbili. Iwe mbili.

Kama una ngozi kama yangu na unataka kuinunua, waombe kwanza picha ya ndani ya mshono wa ubavu, si ya shingo. Wakikataa, unalo jibu lako. Na wao wakitoa toleo lililochapwa maelekezo yote kwenye kitambaa, nitanunua zaidi ya moja siku hiyo hiyo na kuandika nyota tano bila kinyongo. Yule wa huduma kwa wateja ndiye sitaki kuandikiana naye tena.